Kaniki ya Bibi Harusi

Nilikuwa nimeshona nguo miaka kumi na minne Mirongo, mtaa wa mji wetu wa kando ya ziwa, siku jirani yetu, mama mzee wa Kiislamu, aliponiletea picha ya babu na bibi yake. Mjukuu wake alikuwa anaolewa na kijana wa Kisukuma wa ng'ambo ya Busisi, na kwenye sherehe ya kumuaga walitaka kuvaa kama wazee wao wa enzi za Sultani.

Kwenye picha, babu alivaa kanzu, joho na kilemba. Bibi alisimama pembeni, amejifunga kaniki, ile nguo nyeusi isiyo na ua, mabega wazi.

"Bibi harusi atavaa hii," mama mzee akasema.

Mwanawe, baba wa binti, alikuwa amemsindikiza. "Mama, ashonewe hariri. Watu watasema nini?"

"Bibi yangu alikuwa mjakazi, mwanangu. Hariri aliifua tu."

Nilikwenda Mkuyuni kununua kaniki. Muuzaji akaniuliza, "Dada, umeagizwa na mganga?" Huku kwetu waganga ndio wanaoinunua sana. Nikacheka, lakini moyo haukutulia. Nilimwonea huruma yule binti, basi nikatia nakshi za uzi wa dhahabu kwenye pindo bila kuambiwa.

Mama mzee alipoiona alilipapasa pindo taratibu.

"Umeshona vizuri. Sasa fumua."

"Shikamoo bibi, nilidhani..." nikaanza, nikikumbuka hata sijamwamkia.

"Marahaba. Najua ulichodhani. Fumua tu."

Nilifumua mbele yake, uzi baada ya uzi.

Siku ya sherehe binti alitoka ndani na kaniki yake, mabega yamepakwa mafuta. Upande wa wakwe wakatazamana. Mama mkwe aliinama kumuuliza mama mzee kwa upole, "Mama, kuna msiba? Au mtoto ana mizimu?"

"Hakuna msiba. Ndivyo alivyovaa bibi yangu. Waliomnunua hawakumpa nguo nyingine."

Mama mkwe alitazama chini kidogo, kisha akainuka. "Mama yangu alilima pamba akiwa amejifunga kaniki mpaka mgongo ukapinda," alisema. Akamwendea binti, akalifungua fundo la kifuani nililolifunga mimi, akalifunga upya chini ya kwapa. "Hivi haitateleza ukicheza."

Vigelegele vilianza upande wao kabla ya wetu.

Baba wa binti hakupiga makofi. Alikuja akaketi kwenye mkeka karibu na mama yake, na mimi nilikuwa nyuma yao nikisikia.

"Alitokea wapi huyo bibi?"

"Alichukuliwa mdogo. Alikumbuka ziwa tu."

"Ziwa hili?"

"Hakujua. Nilimuuliza mara nyingi."

Pilau ilipoletwa, baba wa binti alichukua birika na bakuli, akamnawisha mama yake mikono.