Shahidi wa Chungu Niliyemfuata Kyela

Nilisafiri kwenda Kyela kutafuta mtu wa kusema kwamba mimi sina kosa. Naliweka hili mwanzoni ili msomaji asije akadhani nilikwenda kujifunza. Mimi ni mfinyanzi wa Iringa mjini. Nina cheti ukutani, tanuri la umeme na gurudumu la kufinyangia linaloendeshwa na mota, na kwa miaka kumi na miwili nimewauzia watalii wanaotoka makumbusho ya Kalenga vikombe vilivyochorwa tembo. Tembo wenyewe nawachora vibaya, wengine wanafanana na nguruwe, lakini hakuna mtalii aliyewahi kurudisha hata mmoja.

Mwaka huu hosteli moja ya masista iliniagiza vyungu vya kupikia maharage. Nikavitengeneza kwa mbwembwe zote: chini bapa, ndani na nje vinang'aa kama sahani za harusi. Siku ya tatu kimoja kilipasuka jikoni na maharage yanayochemka yakammwagikia mpishi, Sabina, mguuni. Nilipoitwa sikuuliza mguu unaendeleaje. Niliokota vigae, nikavigeuzageuza kama daktari, nikasema mpishi ametia maji baridi kwenye chungu cha moto. Sabina alikana. Sista mkuu anaheshimu vyeti, akaniamini mimi. Mguu ulipopona, Sabina akatolewa jikoni akapewa ufagio wa uani. Hata hivyo vyungu vyangu vikafungiwa stoo, na sista akasema havitoki mpaka nilete neno la mfinyanzi mwingine. Hiyo ndiyo sababu ya safari.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Iringa. Nilikuwa na boksi lenye chungu kizima kilichobaki kwangu, kilichochomwa siku moja na kile kilichopasuka, nimekizungushia magazeti kama mtoto mchanga. Mfukoni nilikuwa na karatasi niliyoichapa mwenyewe: "Mimi mfinyanzi mzoefu nathibitisha kwamba chungu cha huyu bwana kikipasuka jikoni, ni kwa uzembe wa mpishi." Chini niliacha nafasi ya dole gumba. Shahidi wangu sikumjua hata jina, lakini nilikwishaamua kwamba hajui kuandika.

Baada ya Makambako barabara inateremka kuelekea tambarare za Usangu, na joto likaanza. Kwenye njia panda ya kwenda Ubaruku, akapanda mama mmoja wa Kisukuma mwenye dumu la maziwa, akakaa karibu nami. Akaliangalia boksi langu.

"Umebeba nini, baba? Televisheni?"

"Chungu," nikamjibu. "Kazi ya sanaa."

"Sisi tulivyohama toka Shinyanga tulikuja na vyungu sita. Vyote vilikufa njiani. Dumu ndiyo haifi." Akalipigapiga dumu lake.

Nilimdharau mpaka Chimala. Huyu, nilijiambia, ndiye anayeua fani yetu, yeye na plastiki yake. Haikunijia kwamba mteja aliyefiwa na vyungu sita ana haki ya kuchoka.

Mbeya mjini, saa tisa alasiri. Nilifikia kwa Gwamaka, niliyesoma naye ufinyanzi. Siku hizi Gwamaka hafinyangi, ana kadi inayosema yeye ni "msanii na mwezeshaji". Anawafundisha watu kwenye semina namna ya kupenda udongo, na anawafundisha akiwa na suti nyeupe. Sebuleni kwake kuna kabati la kioo lenye vyombo vyake vya zamani, taa ikimulika kila kimoja.

"Vya kwako vinapasuka?" nilimuuliza.

"Vya kwangu havipasuki, kaka. Havitumiki." Alilisema kwa fahari kabisa. Nami, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.

Nilipomweleza shida yangu alinielekeza kwa shangazi yake, Mama Tumpe, mfinyanzi katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Nyasa. "Yule atakusainia chochote," akasema. "Ni mtu wa kijijini, hana makuu."

Ijumaa nilipita Tukuyu katika mvua nyembamba, migomba huku na huku, nikafika Kyela nikiwa nimeloa kwa jasho badala ya mvua. Kutoka hapo nilichukua bodaboda hadi kijijini. Kila shimo la barabara nililipokea kwa mgongo ili boksi lisiumie.

Saa nane mchana, nyumbani kwa Mama Tumpe. Alikuwa chini, mbele yake donge la udongo juu ya kigae kipana, akikizungusha kigae kwa mkono mmoja na kupandisha ukingo kwa mkono wa pili. Nilihesabu moyoni makosa yake: hana gurudumu, hana kipimo, hana meza. Nikamsalimia, nikafungua boksi, nikaweka chungu changu mbele yake nikasubiri sifa.

"Chungu hii nzuri," akasema. "Ya kuweka maua?"

"Ya kupikia, mama."

"Ehee. Na wewe kwako unapikia nini?"

"Gesi," nikasema. "Na sufuria."

Kigae kikasimama. Akaniangalia, kisha akamwita mkwewe aliyekuwa nyuma ya nyumba. "Njoo umuone huyu mgeni! Anauza chungu, kwake anapika sufuria!" Walicheka mpaka mkwe akajishika nguzo. Miaka kumi na miwili ya kufinyanga, na sikuwa nimewahi kuchemsha hata maji ya chai katika kitu nilichokitengeneza.

Nikakasirika. Nikamwambia tanuri langu linafika moto ambao nyasi na kuni zake haziwezi kuuota. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu iliyoniudhi zaidi.

"Mimi nikichimba udongo mpya," akasema, "chungu ya kwanza haitoki hapa. Inapika kwangu wiki nzima, ndiyo nauza zingine. Kama ni kupasuka, ipasukie mimi. Hii yako imepika kwa nani?"

"Hosteli."

"Basi leo tupike."

Chungu changu kikatelekwa juu ya mafiga, maharage na maji ndani, moto wa wastani. Nilikaa mkabala nikiwa nimekunja mikono, ninalinda asije mtu akaongeza maji baridi kwa hila. Hakuna aliyekigusa. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanachemka niliposikia mlio mdogo, kama wa mtu kuvunja kijiti. Ufa ukakimbia pale chini bapa kunapokutana na ubavu. Maharage yakamwagika motoni, moshi na majivu vikanipanda usoni. Mama Tumpe na mkwewe hawakupata hata tone. Walikuwa wamekaa mbali tangu mwanzo.

"Nilijua," akasema. "Ina kona. Moto unataka uzunguke, hapa kwenye kona unakwama." Akageuza chungu chake kimoja nikashika kitako: mviringo kama kibuyu, kimekwanguliwa chembamba. Nilijua habari hiyo. Niliwahi kuijibu kwenye mtihani nikapata alama zote, kisha nikatengeneza vyungu bapa kwa sababu vinapendeza mezani.

Nilidhani watacheka tena. Badala yake akauliza, "Gwamaka kanisimulia kwa simu. Yule aliyeungua amepona?"

"Amepona."

"Ulienda kumpa pole?"

Nikajifuta majivu usoni. Mkwewe akaangalia pembeni. Hapo ndipo niliposikia aibu, na ilikuwa kali kuliko moshi.

Mama Tumpe akaomba karatasi ambayo Gwamaka alikuwa amemtajia kwenye simu. Nikatafuta uongo wa kusema nikaukosa, nikampa. Akavaa miwani, akaisoma mwenyewe, taratibu, neno kwa neno. Akaomba kalamu. Akakata neno "mpishi", akaandika juu yake "mfinyanzi", kwa mwandiko ulionyooka kuliko wangu. Chini, palepale nilipoacha nafasi ya dole gumba, akaweka saini na majina yake matatu.

Jumamosi na Jumapili nilibaki pale. Alinipa udongo, akanivunjia vyungu vinne nilivyofinyanga, kimoja baada ya kingine, bila maelezo. Cha tano alikiacha.

Jumatatu nilirejea kwa njia ileile. Mbeya sikuteremka. Gwamaka alipiga simu kuuliza kama shangazi alisaini, nikamwambia ndiyo, akafurahi.

Jumanne, saa tatu asubuhi, hosteli ya masista. Nilimpa sista mkuu karatasi, nikamwambia kosa ni langu, vyungu vyote vilivyoko stoo vivunjwe. Alisoma mara mbili. Kisha akamtuma mtu kumwita Sabina kutoka uani, akamwambia mbele yangu kwamba kuanzia kesho anarudi jikoni. Sabina akasema, "Asante, sista." Akageuka kurudi kwenye ufagio wake, siku yake ilikuwa haijaisha.

Nilimfuata uani. "Kamwene, dada Sabina," nikaanza kwa salamu ya kwetu Iringa, "nimekuja kukupa pole. Na unisamehe. Kweli kabisa, sikujua."

Akasimamisha ufagio. Juu ya kiatu, kovu lake lilikuwa bado jekundu.

"Hukujua," akasema. "Lakini ulisema unajua."

Akaendelea kufagia, nami nikasogea kumpisha. Nilikwenda hadi Ziwa Nyasa na kurudi, nikaungua nyusi, nikachekwa na familia nzima, na fundisho la safari yote nikalipata pale uani, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwangu.