Maji Aliyoyamwaga Mama Deki

Kwenye wodi ya wazazi walimwita Mama Deki, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na baba yake. Miaka kumi na minne alipiga deki sakafu ile ile, kutoka mlango wa leba hadi bomba la nje. Alipofika penye miguu ya watu hakusema "naomba kupita." Alisema "tunaomba kupita," na hali yuko peke yake.

"Wewe na nani, Mama Deki?" muuguzi wa zamu alimtania kila siku. "Wewe na ndoo?"

Naye alicheka huku akijibana ukutani. Kusema "mimi" mbele ya makoti meupe aliona ni kujikweza.

Jumamosi moja alikuwa benchi la nyuma kanisani, kwenye mafundisho ya wazazi watakaobatizisha watoto kesho yake. Yeye hakuwa na mtoto wa kubatizwa. Wa kwake walikwisha kuota ndevu. Alikuja kwa ajili ya fundi cherehani aliyekaa mbele, amempakata binti wa miezi saba mwenye meno mawili, anayetafuna kola ya mama yake.

"Ubatizo hauna marudio," Padre alisema. "Unapokea alama ya rohoni, nayo haifutiki milele. Kwa hiyo nauliza: kuna mtoto aliyekwisha kubatizwa, labda hospitalini, alipokuwa hatarini?"

Fundi cherehani akatikisa kichwa kwa niaba ya mwanawe. Mama Deki akaangalia viatu vyake.

Miezi saba nyuma, pale wodini, mtoto yule alizaliwa wa bluu, kimya, mdogo kama mkate. Mama yake alikuwa amezimia. Muuguzi alihangaika naye, kisha akatoka mbio kumwita daktari chumba cha pili. Mama Deki akabaki amesimama na fagio lake la deki. Yule mama alimfahamu. Walisali kanisa moja, na rozari ilikuwa bado imemzunguka vidoleni. Akakumbuka mafundisho ya utotoni kwamba penye hatari yeyote anaweza kubatiza. Akachota maji kwa kopo, pale pale bombani anapojazia ndoo yake, akayamimina mara tatu juu ya utosi ule laini uliokuwa haudundi, na midomo yake ikatamka maneno.

Mtoto akapiga chafya.

Daktari alipoingia, Mama Deki alikuwa ameshajitoa na ndoo yake. Hakumwambia mtu. Angeanzaje kumwambia mzazi, mwanao nilimmwagia maji ya bomba la deki, na sikukuuliza? Wiki zikawa miezi. Kila Jumapili fundi cherehani alimwamkia, "Shikamoo, mama," naye aliitikia "marahaba" haraka haraka, akatafuta mlango. Sasa akinyamaza, Padre angembatiza mara ya pili mtoto aliyekwisha kubatizwa, na kosa lingekuwa lake.

Akasimama.

"Baba Padre, tunaomba kusema kitu."

"Mko wangapi?" mtu akadakia, na watu wakacheka. Alipomaliza kueleza, hakuna aliyekuwa akicheka.

Fundi cherehani aligeuka taratibu, mkono mmoja umeufunika utosi wa mwanawe.

"Bomba la deki, mama?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na miezi saba yote unaniitikia marahaba?"

Hilo ndilo lililomchoma. La maji alikuwa amejiandaa nalo.

"Maji ni maji," Padre akaingilia. "Hapo hukukosea. Ila ungesema siku ile ile, mama mtu ajue, nasi tuandike. Sasa niambie maneno uliyoyatamka. Yale yale, usiyapambe."

"Tunakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Tunakubatiza?"

"Ndiyo, Baba."

"Una hakika hukusema 'nakubatiza'?"

"Mimi nani, Baba, niseme hivyo? Nilikuwa na kopo la deki mkononi."

Padre akavua miwani. "Basi mtoto hajabatizwa," akasema kwa upole. "Anayebatiza ni Kristo mwenyewe, kwa kinywa cha mtu mmoja anayesema 'mimi.' Hilo 'sisi' halikubaliki. Kesho nitambatiza, na itakuwa mara yake ya kwanza."

Mama Deki alitamani sakafu immeze, sakafu ya watu wengine ambayo hata hakuipiga deki. Miezi saba amebeba siri ya jambo ambalo kumbe halikutokea. Kisha wazo lingine likamjia, baya zaidi.

"Na kama angekufa, Baba?"

"Angekuwa mikononi mwa Mungu. Mungu hafungwi na ulimi wako."

Alijibiwa vizuri, lakini uso haukuacha kumwaka.

Mlangoni fundi cherehani alimkuta akihangaika na kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Siwezi kusema nimefurahi, mama."

"Huwezi, mwanangu."

Akamhamishia mtoto bega la pili. "Lakini hiyo chafya. Alipiga kweli?"

"Alipiga. Mara mbili."

Fundi cherehani akageuza uso upande, asionekane kama anacheka au analia. "Kesho uje. Ukae mbele."

Alikuja, akakaa nyuma. Maji yalipomiminwa mtoto alipiga kelele za kutosha kanisa zima, na katikati ya kelele hizo Mama Deki akasikia Padre akitamka "nakubatiza." Silabi moja tu ndiyo iliyotofautiana na ya kwake. Akainamisha kichwa hadi mwisho wa ibada.

Jumatatu muuguzi alikuwa amenyoosha miguu katikati ya njia, anaandika. Fagio la deki likasimama karibu na viatu vyake, likangoja kidogo.

"Naomba kupita," sauti ikasema, ndogo, kama ya mtu anayejaribu kiatu kipya.

Muuguzi akainua miguu, kisha akainua macho kuona ni nani.