Kisanduku cha Sauti Kubwa

Kwaya yetu ya Masasi iliomba amplifaya, ikaletewa pedali ya gitaa. Mfadhili alikuwa muumini mwenzetu aliyeingia kwenye korosho mara tu watu binafsi waliporuhusiwa kununua. Msimu wa kwanza ulimnyookea, akasimama kanisani akaahidi kutuletea "kitu cha kukuza sauti". Akaenda Kariakoo, akamwambia muuzaji maneno hayo hayo, akarudi na kisanduku bapa cha chuma chenye vikanyagio vinne na kidirisha cha tarakimu nyekundu. Tulikipigia makofi. Kisha tukakizunguka, kila mtu akitafuta spika iko wapi.

Mpiga gitaa la besi nilikuwa mimi, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye vidole virefu na ulimi mrefu zaidi. Kwa kuwa kwenye kasha palichorwa gitaa la nyuzi nne, nikakabidhiwa mzigo. Kijitabu chake kilikuwa cha Kijapani, na Kiingereza cha kubabaisha pembeni, kwa hiyo nilijifundisha mwenyewe likizo nzima kwa kukanyaga na kusikiliza. Waya wa gitaa unaingia upande huu, unatoka upande ule kwenda kwenye amplifaya, na hapo katikati ndipo uongo unapotengenezwa. Kwenye kidirisha kulikuwa na namba iliyofanya gitaa moja lilie kama mawili. Kulikuwa na nyingine iliyokufanya udhani umekaa ndani ya tangi la maji. Kulikuwa na kitufe cha kujifanya kuna spika kubwa wakati haipo, kwa ajili ya wanaorekodi moja kwa moja kwenye deki; ukirudi kwenye amplifaya ukasahau kukizima, gitaa linalia kama limefunikwa gunia.

Niliyoipenda mimi ni namba kumi na saba. Ukipiga noti, yenyewe inachukua noti hiyo hiyo na kuiweka tena chini, oktava moja nzima. Siku moja nikachomeka maiki badala ya gitaa, nikasema "Hujambo?" kumsalimia mfagizi wa kanisa aliyekuwa amenipa mgongo. Ilitoka sauti ya jitu. Yule mama, mkubwa kuliko mama yangu mzazi, akaitikia bila kugeuka, "Shikamoo." Nilicheka mpaka nikakaa chini, na hapo ndipo shetani aliponipata.

Sasa nimlete mtani wangu. Mimi ni Mmakua, yeye alikuwa Mmakonde wa Newala, kule juu mlimani maji yanakosumbua, aliyeshuka Masasi ujanani kufanya kazi ya uashi na hakurudi tena kuishi kwao. Kwa umri ni babu yangu, lakini utani wa makabila yetu hauulizi umri. Nilikuwa namwamkia kwanza, kisha namshambulia.

"Shikamoo, mtani. Leo umeoga, au bado mnangoja mvua?"

"Marahaba, ntani. Nimeoga, nikakubakizia ya kupikia chai."

Na kama mjuavyo, mtani akikuchukulia kitu hushitaki. Unaenda kukikomboa. Niliwahi kukaa na kofia yake juma zima mpaka akaniletea boga.

Kwenye kwaya alikuwa sauti ya nne, yaani besi. Tulikuwa na wimbo mmoja unaofunguliwa na besi peke yake, mistari miwili bila chombo chochote, na mstari wa pili unateremka mpaka noti ya chini kabisa. Noti ile alikuwa akiiimba tangu kabla sijazaliwa. Miaka hiyo kila kwaya ilitaka kaseti yake, na sisi tukampata fundi mitambo wa Mtwara mwenye deki na miksa. Wiki moja kabla ya kurekodi, mwalimu wa kwaya akatangaza kwamba mistari ile ataifungua karani mmoja kijana.

"Noti imeshaondoka," alisema. "Mzee wetu apumzike."

Mtani wangu hakubisha. Alikunja karatasi yake ya nyimbo mara nne, akauliza jambo moja tu: kaseti itafika Newala? Alikuwa ameshamtumia dada yake salamu kwamba atamsikia ndani ya redio. Mimi niliwaka. Nilimfuata mwalimu wa kwaya nikamwambia ampe mzee nafasi moja tu mbele ya deki. Asipoifikia ile noti, ukanda si unafutika? Akakubali ili nimwondokee.

Ni kweli, noti ilikuwa imeondoka. Nililijua hilo kuliko mwalimu wa kwaya.

Tulirekodia darasani, madirisha tumeyaziba kwa magodoro. Gitaa langu nililichomeka kwenye amplifaya moja kwa moja. Waya wa maiki ya mtani wangu niliupitisha chini ya mkeka hadi kwenye kisanduku miguuni pangu, na kutoka hapo hadi kwenye miksa. Waliona kisanduku, wakadhani ni cha gitaa langu. Fundi mitambo aliufuata ule waya kwa macho, akanitazama, akaendelea kutafuna muwa wake.

Kazi yenyewe ilitaka mguu wenye adabu. Kwenye maneno ya haraka kisanduku kilikuwa na kigugumizi, kwa hiyo nilitakiwa nikanyage kwenye noti ndefu tu na kuachia kabla ya neno linalofuata. Mzee akaimba. Nikakanyaga, nikaachia. Alipofika mwisho wa mstari wa pili, pale ambapo koo lake lilikuwa linatoa pumzi na mkwaruzo, nikakanyaga kwa kisigino kabisa.

Ukanda ukarudishwa nyuma, tukasikiliza. Noti ilikuwa pale, nene, hadi kioo cha kabati kikatetemeka. Mwalimu wa kwaya alivua miwani.

"Mungu ni mwema," alisema.

"Wakati wote," nikajibu, mguu ukiwa bado juu ya kikanyagio.

Nilidhani mchezo umeishia hapo. Sikuwa nimehesabu kwamba mtani wangu ataisikia kaseti na kuiamini. Alikaa mbele ya redio akirudisha nyuma mistari ile miwili mpaka redio ikautafuna ukanda, akaomba nakala nyingine. Akaacha maji ya baridi. Akaanza kuvaa skafu shingoni katika joto la Oktoba. Mazoezini akawa anawakusanya vijana na kuwapa mafunzo: asali, chumvi, kulala mapema, kutogombana na mke. Karani aliyenyang'anywa wimbo alikuwa akiandika yote hayo kwenye daftari. Mzee alikuwa havumiliki, na furaha yake ilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Ila ikanilazimu kumfuata na kisanduku kila tulikoalikwa. Harusi ya Lisekese, nipo chini nimepiga magoti natandika mkeka. Sherehe ya shule kule Chidya, nipo. Watu walinisifu kwa kupenda usafi wa jukwaa.

Ndipo ukaja mwaliko wa Newala, kwenye kanisa la kwao alikobatizwa.

Alishona suruali mpya. Njiani, juu ya lori, alisimama muda wote ameshika bomba la turubai, akitutajia kila shamba la mikorosho ni la nani. Sikuwa na moyo wa kumtania. Kule juu hakukuwa na umeme siku hiyo, kulikuwa na jenereta la kuazima, na lilikuwa likinguruma na kushuka, likinguruma na kushuka, kama mtu mwenye homa. Amplifaya ilistahimili. Nilichokiogopa ni adapta ya kisanduku, kitu chepesi cha plastiki.

Kanisa lilijaa hadi nje. Dada yake, bibi mrefu mwenye kilemba cheupe, alikaa benchi la mbele na kaseti yetu mkononi. Mtani wangu akasogea kwenye maiki, akakohoa kidogo kwa majivuno, akafungua. Mstari wa kwanza uliwatetemesha. Nilimwona yule bibi akimgusa jirani yake kwa kiwiko. Mstari wa pili ukaanza kuteremka, mzee akainua kidevu, mimi nikakanyaga.

Jenereta likapiga kelele ya ajabu. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Tarakimu nyekundu zikapotea, na kwa kuwa sauti yake yote ilipitia humo, maiki nayo ikafa. Ikabaki sauti yake yeye, nyembamba, inatafuta noti huko chini na haiioni. Aliendelea kufungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Kumbe ilikuwa kaseti!" mtu akasema nyuma, na kicheko kikaanza.

Mtani wangu aliweka mkono kooni. Alimtazama dada yake, si sisi. Nilijua kicheko kile kikifika mbele, mzee hatakanyaga tena Newala wala kanisani. Nikaruka nikasimama, gitaa bado shingoni.

"Jamani Wamakonde, msimcheke!" nikapaza sauti. "Sauti yake nimeiiba mimi, mtani wake, Mmakua! Nimeiiba siku ile ya kurekodi. Nimeifungia humu!" Nikainua kisanduku juu, nyaya zinaning'inia, moshi unatoka. "Na haitoki mpaka muikomboe. Ndoo moja ya maji ya kuoga, imejaa! Kama kweli Newala kuna maji!"

Kanisa lililipuka. Kumtajia mtu wa Newala maji, tena mbele ya wageni! Wanawake walipiga vigelegele, wengine wakaniita mwizi, wengine wakauliza huko kwetu nani aliwahi kuoga. Padri alijifuta machozi kwa kanzu. Nilikuwa nimeungama dhambi yangu yote mbele ya altare, neno kwa neno, na hakuna aliyeniamini.

Isipokuwa mmoja. Mtani wangu alikuwa anautazama waya. Aliufuata kutoka kwenye maiki, chini ya mkeka, hadi mkononi mwangu, kisha akatazama mguu wangu. Nikaona anaelewa. Kisha akacheka kwa nguvu, kama ilivyompasa mbele ya watu, akasema, "Hiyo ndiyo tabu ya kulea Wamakua." Mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo mwingine haraka.

Alasiri nilikuwa nimejikunja kwenye ua wa nyumba tuliyofikia, najiona sifai. Bomba la pale lilikuwa kavu wiki nzima. Maji yalikuwa yanapandishwa kutoka bondeni, vichwani. Mtani wangu akaingia na ndoo iliyojaa, ameibeba mwenyewe, suruali mpya imelowa hadi magotini. Dada yake alimfuata nyuma akilalamika kwamba maji yale yangepika siku mbili.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia. Akaitua ndoo.

"Nimekuja kukomboa. Lete."

Nikamsogezea kisanduku kilichokufa. Sikujua cha kufanya kingine. Akakirudisha kwangu kwa mguu, polepole.

"Hiyo siitaki. Hiyo ya Wajapani. Nataka yangu, ile ndogo, uliyoifunika."

Nilijificha uso kwenye kanga, nikalia kwa aibu. Nilikuwa nimepigania nafasi yake, kisha nikampa nafasi hiyo mtu mwingine aliyekaa ndani ya chuma. Ulimi wangu wote mrefu haukupata neno la kunisaidia, ila yale yanayosemwa na mtani akishalipwa.

"Chukua, mtani. Nimekurudishia."

Akakohoa, bila majivuno safari hii, akaimba mistari ile miwili pale uani, kuku wakipita. Alipofika mwisho hakuteremka. Aliipandisha ile noti pale koo lake lilipoweza kufika, na dada yake, aliyekuwa bado amekunja uso kwa ajili ya maji, akaishika chini yake kwa sauti nzito ya kikongwe. Haikuwa chini kama ya namba kumi na saba. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa anakula muhogo mlangoni, aliacha kutafuna.

Walipomaliza, mtani wangu alijifuta mdomo akaniangalia.

"Marahaba," alisema. "Sasa nenda kaoge, unanuka moshi. Na usimwage, ntani. Yakibaki narudi nayo."