Nilivyolazwa kambini Ngara, nesi wetu akalala kitanda cha mgonjwa

Wakuu, salamu kwenu wote humu. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa dereva wa lori la mahindi, natoka Rulenge kwenda kambini. Malaria ikanikamata hukohuko. Nikalazwa kwenye wodi ya hema, mwenyeji mimi katikati ya wakimbizi.

Nesi alikuwa mmoja, Sista Adela. Wenzake walihamishiwa kwa wagonjwa wa kipindupindu, hema zima akaachiwa yeye.

Jana yake alilala? Hapana. Juzi? Hakumbuki.

Wakubwa walimsifu sana kwa kujituma. Sifa zilikuwa tele, wa kumpokea zamu ndiye hakuwepo.

Asubuhi akanichoma kwinini. Masikio yakaanza kulia kama jenereta. Muda si mrefu namwona huyo anarudi, sindano nyingine ya kwinini mkononi. Nataka kusema, ulimi mzito.

Kitanda cha jirani alikuwepo bibi mmoja Mrundi, anaumwa kichomi. Akapaza sauti: "Mwanangu, huyo umeshamchoma! Utamuua!"

Adela akaitazama sindano, akanitazama mimi. Akaiweka sindano chini, machozi hayo.

"Bibi, hata leo ni siku gani sijui."

Bibi akasogea pembeni, akapigapiga godoro. "Njoo ulale."

Akamfunika blanketi gubigubi, ukabaki mkono tu nje. Wodi nzima kimya. Hata wenye kikohozi walikohoa kwa adabu!

Mara akaingia daktari mgeni, kaja kukagua. Akausifia utulivu wetu. Kufika kwa bibi, akaushika ule mkono, akapima mapigo.

"Huyu hali yake si nzuri, asiamshwe. Nesi wenu yuko wapi?"

"Ndiye huyo, daktari," bibi akajibu. "Wewe endelea kumpima."

Daktari akakosa pa kuweka macho. Ila nimpe haki yake: alivaa glavu, akagawa dawa mwenyewe mpaka Adela alipoamka. Akaagiza nesi wa pili aletwe, na kweli akaletwa.

Wakubwa wa kambi nao hawakutaka kupitwa. Wakaandaa semina ya uchovu kazini.

Ikafanyika jioni, baada ya zamu.

Nilichojifunza: ukiletewa sindano, uliza ni ya nini. Na nesi akikujibu mkato, kabla hujamfokea muulize ameingia kazini lini.

Manesi mliomo humu, zamu za huko kwenu zikoje? Tiririkeni. Mlioko kazini muda huu, jibuni mkishalala.