Kifua cha Mkwe

Mwanangu, nimechoka kulibeba hili peke yangu. Kaa, nikusimulie.

Siku hiyo, kule Kinole, mvua ilikatika asubuhi. Nilikuwa bi harusi wa miezi minne. Wote wameenda shamba, nyuma ya nyumba tumebaki mimi na baba mkwe wangu, Mzee Pauli, tunabandua magome ya mdalasini. Alikuwa mcheshi yule. Akaniambia bila kunitazama, maana kwetu wakwe hawatazamani usoni, "Bi harusi, hilo gome unalibandua au unalibembeleza?"

Nikacheka ndani ya kanga. Kuinua kichwa, kisu kimemtoka mkononi, yuko chini chali, anakoroma mara moja moja.

Mikono miwili nilikuwa nayo, mizima. Sikumgusa. Mkwe utamshikaje kifuani? Nikajitanda kanga, nikapanda mlima hadi shambani kuwaita wanaume wa nyumba ile, Leopoldi, Kondradi na Mateo, Mungu awarehemu wote watatu. Tunarudi, hakuna hata koromo. Wakammwagia maji, wakampepea, wakamfunga kwenye machela wamshushe hospitali. Hakufika bondeni akiwa hai.

Msibani mama mkwe wangu, Bibi Yustina, akanisifu mbele za watu: "Binti huyu ana adabu. Hata mzee alipoanguka hakumsogelea." Sifa hiyo nimeishi nayo mpaka mgongo umepinda.

Sasa juzi juzi, Kihonda kwa mjukuu wangu Bahati, baba mkwe wake, Mzee Shabani, akaanguka mlangoni anavua viatu. Bahati alifundishwa huduma ya kwanza kiwandani kwao. Akamtikisa, akamwita, kimya, pumzi hakuna. Akapiga magoti, akaweka viganja katikati ya kifua, akaanza kukandamiza.

Na mimi, mwanangu, mimi wa Kinole, nikapaza sauti, "Bahati! Mkwe wako huyo!"

"Bibi, moyo umesimama! Pigeni simu, gari ije!"

Jirani, Mama Zuhura, akadakia, "We mtoto, utamvunja mbavu mzee wa watu!"

"Mbavu zitaunga. Njoo unipokee, mikono imeisha nguvu!"

Mama Zuhura akajifunga kanga kiunoni, akapiga magoti. Wakapokezana mpaka gari ilipofika, na ndani ya gari hawakuacha. Mzee Shabani alirudi nyumbani. Siku hizi ananitania, "Bibi, mahari nimetoa mimi, na kipigo nimekula mimi."

Nacheka, na machozi yananitoka. Sisemi Mzee Pauli angepona. Mlima ule ni mrefu. Ila mikono yangu alistahili.

Kwa hiyo nisikilize. Mtu akianguka, ukamwita haitiki, hapumui au anakoroma tu, usikimbie ukamwacha. Piga kelele, mwingine apige simu. Mlaze chali pagumu, viganja viwili katikati ya kifua, mikono inyooke, kandamiza kwa nguvu, uachie kifua kiinuke, tena na tena, haraka. Bahati anasema karibu mara mbili kwa sekunde. Maji weka kando. Daktari usimngoje ndipo uanze. Ukichoka, upokewe. Awe mkwe, awe padri, awe shehe, kifua ni kifua.

Na siku nikianguka mimi, mkwe wangu yeyote aliye karibu, ruhusa nimeshatoa.

Mungu akupe mikono isiyoona haya, mwanangu, na akuepushe na sifa kama yangu.