Mama Baridi sasa anasaini mwenyewe

Saa mbili asubuhi, na bati la paa la zahanati limeshaanza kuchoma nyayo. Mama Baridi amechuchumaa kando ya kiyoyozi, pampu ya kunyonya hewa inanguruma mbele yake, macho yake yako kwenye mshale wa geji. Hagusi kitu. Anasubiri.

“Bado tu, mama?” muuguzi mkuu anauliza kutoka chini, kiganja kikikinga jua.

“Bado, dada. Hii haikimbizwi. Nipe robo saa.”

“Friji zangu za chanjo zimebanana chumba cha pili kama wageni wasioalikwa!”

“Mchana huu zinarudi kwao.”

Mshale unashuka hadi chini kabisa, unatulia. Hapo ndipo anafungua gesi. Baadaye anateremka ngazi, anafuta mikono kwenye ovaroli na kuletewa fomu ya makabidhiano. Kwenye mstari wa mkandarasi anaweka sahihi yake, polepole, kama mtoto anayeanza kuandika.

Mtaani wamemwita Mama Baridi kwa miaka kumi na sita. Kazi aliipata kwa kumbebea vifaa mjomba wake, na mjomba alipochoka magoti, wateja wakabaki kwake. Ila leseni hakuwa nayo. Kila alipofunga kiyoyozi cha ofisi au zahanati, mkandarasi mwenye leseni ndiye aliyesaini.

“Yeye anaungua juani, halafu anatokea bwana mmoja na kalamu yake,” anasema muuguzi mkuu. “Ngazi yenyewe hajawahi hata kuishika!”

Mwaka jana likaja agizo: asiye na leseni asiguse mashine za zahanati, shule wala ofisi za umma. Sahihi za kuazima zikafika mwisho. Kwa Mama Baridi, mwenye umri wa miaka arobaini na moja na watoto wawili, hiyo ilikuwa karibu kazi yake yote.

Akajiandikisha darasa la jioni. Mtihani wa leseni una nafasi tatu tu. Ukianguka ya tatu, unarudi kuanza masomo upya, mwaka mzima.

Mara ya kwanza alikwama kwenye maandishi. Ya pili aliyapita maandishi, akaingia chumba cha vitendo kifua mbele. Akaunga mabomba ya shaba vizuri, bila kuvuja. Kisha, kabla hajafikiri, akafungua valvu kidogo ili gesi isukume hewa itoke nje, badala ya kuinyonya kwa pampu.

Ndivyo mjomba alivyomfundisha. Ndivyo mafundi wengi wa mtaani wanavyofanya, maana pampu ni mzigo na mteja ana haraka. Lakini gesi hupotea hewani, na unyevu unaobaki ndani huja kuua mashine taratibu.

“Msimamizi akaniambia, ‘Mama, weka spana chini.’ Basi. Mkono ulinitangulia,” anasema. “Jibu nilikuwa nalijua! Ungeniuliza kwa mdomo ningekuimbia.”

Siku hiyo alirudi nyumbani na kulala na viatu.

Aliyemwinua ni mumewe, fundi cherehani. Kila jioni, watoto wakishakula, alimuuliza maswali huku akishona. “Mimi mwenyewe nikiingia kwenye mtihani ule napita,” anatamba mume. “Shida yangu ngazi tu. Kizunguzungu.”

Ni yeye aliyegundua dawa. Siku moja alimwambia, “Mama watoto, mimi kabla ya kukata kitambaa huwa nasema kwa sauti ninachokata. Mkasi haurudi nyuma. Na wewe weka mikono mgongoni, useme kwanza.”

Alicheka, lakini alifanya. Miezi minne, juu ya kila paa, mikono mgongoni, akisema: sasa naunga, sasa nawasha pampu, sasa nasubiri. Wateja wengine walidhani anaomba dua.

Siku ya mtihani wa tatu, msimamizi alimtazama mara mbili. “Mama, unaongea na nani?”

“Na mkono wangu, mwalimu. Ni mbishi.”

Chumba kizima kikaangua kicheko. Yeye akawasha pampu, akarudi hatua mbili na kusubiri. Anasema nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko uchungu wa kuzaa watoto wote wawili. Msimamizi alipoweka alama ya mwisho, akanyanyua macho na kusema, “Hongera, mkandarasi,” Mama Baridi alikaa juu ya sanduku la vifaa.

Alimpigia mumewe. “Nimepita.” Upande wa pili cherehani ikanyamaza. “Nikasikia,” anakumbuka, “anavuta kamasi. Nikamwambia, wewe nawe, mwanamume mzima! Kumbe na mimi nalia.”

Wiki hii amempelekea fundi rangi kibao kipya. Jina lake limeshaandikwa, na chini yake: Mkandarasi wa Viyoyozi.

“Hapa chini pamebaki patupu,” fundi rangi akamwambia. “Nikuchoree ua?”

“Ua la nini? Paache hivyo hivyo. Kuna wenzangu wawili wa darasa la jioni, mmoja ana mtoto mchanga. Mwezi wa tatu wanafanya mtihani wao, na nataka wakija kazini kwangu wakute majina yao yana pa kukaa.”