Taja Kasoro, Ndipo Utaje Bei

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo na kitambaa. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada yangu, nikidhani muuza magari hukaa mezani akasubiri matajiri waingie. Meneja Mauzo wa wakati huo aliviangalia viatu vile, akatikisa kichwa. "Leticia," akasema, "gari lenye vumbi haliulizwi bei. Anza na lile la mwisho." Nikavua viatu, nikafuta magari mpaka mchana. Watu wengi wa Mwanza wananifahamu kama Mama Leti. Kazi ya kuuza malori nimeifanya hadi nywele zikabadilika rangi, na sasa nakaa Pasiansi nikifuga kuku ambao hawaniheshimu hata kidogo.

Kabla sijaruhusiwa kuzungumza na mteja nilipelekwa stoo ya vipuri. Mkuu wa stoo aliamini kwamba mtu asiyejua kinachoharibika kwenye gari hana haki ya kuliuza. Huko nilijifunza springi huvunjika wapi kwa wanaobeba mahindi kwenye barabara za makorongo, na kwa nini watu wa ng'ambo ya ziwa, wanaovuka kwa kivuko, walinunua sahani nyingi za klachi kuliko watu wengine wote. Sahani ya klachi ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Ikiisha, injini inanguruma na gari limesimama palepale.

Baadaye nikahamishiwa Geita. Meneja wa tawi lile dogo hakuwa na maneno mengi, lakini alinipa somo moja ambalo limenilisha. "Ukishataja bei, funga mdomo," alikuwa akisema. "Atakayeongea kwanza ndiye atakayepunguza." Kwangu mimi, mwenye ulimi usiotulia, somo hilo lilikuwa gumu kuliko hesabu zote. Niliporudishwa Mwanza nilikuwa nimelijua nusu yake.

Vijana bado wananipigia simu: "Mama, nimepata demo kwa bei nzuri, ninunue?" Nawajibu kwanza wajue demo ni kitu gani. Kampuni husajili gari moja jipya kwa jina lake, hulibandika maandishi mlangoni, na wateja huliendesha ili waone kama linawafaa kabla ya kununua la kwao. Muda wake ukiisha, gari hilo nalo huuzwa. Si jipya na si mtumba, na hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Wanatazama kilomita, wanaona ni chache, wanafurahi. Kilomita husema umbali, hazisemi mzigo.

Bei ya haki ya demo hupatikana hivi. Unaanza na bei ya gari jipya la aina ileile. Unatoa muda wa dhamana uliokwisha kuliwa, kwa sababu dhamana, yaani ahadi ya kampuni kulitengeneza gari bure, huanza kuhesabiwa siku lilipoandikishwa, siyo siku unayolinunua wewe. Unatoa matairi. Unatoa pia ukweli kwamba kwenye kadi ya gari wewe ni mmiliki wa pili, na siku utakapoliuza mnunuzi ataliona hilo. Mwisho unaingia karakana na kuuliza limebeba nini na nani alikuwa akiliendesha. Swali hili la mwisho ndilo watu hawaulizi.

Lori ninalotaka kulieleza lilikuwa la tani nne, jeupe, na mlangoni limeandikwa JARIBU UONE. Wakati huo daraja la Kigongo lilikuwa bado halijaisha, kwa hiyo malori yote ya kwenda Sengerema na Geita kwa njia ile yalipanga foleni kusubiri kivuko cha Busisi. Kila mteja aliyepewa lori letu alitaka kulijaribu na mzigo wake mwenyewe, kwenye njia yake mwenyewe. Haki yake. Lakini dereva akiwa kwenye mteremko unaoingia majini, mbele yake kivuko na nyuma yake gari jingine, haiamini breki ya mkono. Analishikilia lori kwa klachi, mguu nusu juu nusu chini, foleni nzima. Kwa lori lake asingethubutu. Kwa lori la kampuni, nani anajali? Likirudi jioni, linanuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye pasi. Fundi Mkuu wetu alilifungua akaniambia, "Sahani imeliwa, Mama Leti. Itasukuma miezi kidogo, halafu itamlaza mtu njiani."

Nilimpelekea taarifa Meneja wa Tawi. Alikuwa mtu mtanashati, msomi, aliyeletwa kutoka mbali, na alikuwa na shinikizo la kuliondoa lori lile kabla ya mwaka kufungwa. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mteja anakuja kununua gari, haji kununua historia. Linauzwa kama lilivyo."

Mteja aliyekuja alikuwa Mzee Masalu, mfugaji wa Sengerema, aliyevuka kwa kivuko cha Kamanga pamoja na binti yake Kabula. Kabula alikuwa na biashara ya mchele na alikuwa amechoka kukodi malori ya watu. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe ili amnunulie lori. Wale ng'ombe hawakuwa wake peke yake. Walikuwa wa ukoo, na ndugu zake wawili walikubali shingo upande, mmoja akisema wazi kwamba ng'ombe huzaa lakini chuma hakizai. Kabula alininong'oneza hayo wakati baba yake anaenda kunywa maji. Lori likizimika, mzee angebaki na chuma kibovu na ukoo usiomsalimia.

Mzee alilizunguka lori bila kuligusa. Alichungulia chini, akasimama mbele yake, fimbo mkononi.

"Haya mayu," akaniambia, kwa heshima ya Kisukuma ya kumwita mwanamke mama. "Nitajie kasoro yake."

Meneja alicheka kidogo, akawahi kujibu. "Mzee wangu, hili halina kasoro hata moja. Ni kama jipya. Kilomita zenyewe hizi hapa, njoo uone."

"Sijauliza amekula majani kiasi gani," Mzee Masalu akasema. "Nimeuliza kasoro."

"Hakuna, mzee. Nakuhakikishia."

Mzee akamtazama binti yake. "Kabula, twende."

Meneja alibaki ameduwaa. Hakujua alichosema. Mimi nilijua, kwa sababu baba yangu alikuwa akiuza ng'ombe mnadani huko Magu na mimi nilikuwa nikimfuata nikiwa mdogo. Kwa watu wale mwenye mali hutaja kasoro ya mnyama wake kwa kinywa chake kabla bei haijasemwa. Huyu anapiga teke akikamuliwa. Huyu hapendi kuchungwa na mvulana. Huyu alitupa mimba mwaka juzi. Hakuna ng'ombe asiye na kasoro, kwa hiyo anayesema hakuna ameshajiita mwizi, na bei yake haisikilizwi. Meneja alidhani analisifia gari lake, kumbe alikuwa amewafukuza wateja.

Walikuwa wameshafika getini. Niliogopa, siwafichi. Nilikuwa na miaka michache tu kufikia kustaafu, na meneja alikuwa amesimama pembeni yangu. Lakini nilimwona yule mzee na fimbo yake, nikamwona baba yangu, na ulimi wangu ukaenda wenyewe.

"Baba! Klachi yake imeliwa na kivuko!"

Akasimama. Nikamfuata, nikamweleza yote: sahani inayokaribia kuisha, dhamana iliyokwisha kuanza kuhesabiwa, kadi yenye jina la kampuni. Alisikiliza akiwa ametazama chini. Nilipomaliza alisema, "Ahsante, mayu," kisha akaondoka vilevile.

Meneja alinipeleka ofisini kwake akafunga mlango. "Umeniuzia aibu badala ya lori," alisema. "Mtu alikuwa na pesa mkononi, Leticia!" Nilirudi nyumbani nikala ugali bila kujua nimekula na mboga gani.

Kesho yake asubuhi walirudi, safari hii wakiwa wanne. Mzee Masalu alikuwa amekuja na wale ndugu zake wawili, wale waliokubali shingo upande. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba bila tabasamu. Mzee akasema, "Mayu, rudia mbele ya hawa yale uliyoniambia jana. Usipunguze."

Nikarudia. Mkubwa wao, aliyesema chuma hakizai, aliniuliza maswali kama hakimu. Imeliwa kiasi gani? Nani aliifungua? Ukiweka mpya, kuna kingine kilichoungua nayo? Fundi Mkuu akaitwa, akajibu. Mkubwa yule akatafakari, halafu akakaa kwenye kiti.

"Sasa tunaweza kuongea bei," akasema.

Ndipo nikaelewa kwa nini Mzee Masalu aliondoka jana bila kuahidi. Hakutaka kuijua siri ile peke yake. Siku lori litakaposumbua, asiwepo ndugu wa kusema hatukuambiwa.

Mazungumzo hayakuchukua muda mrefu. Kabula ndiye aliyeongoza, na alinitia fahari ingawa nilikuwa upande wa pili wa meza. "Klachi mpya mnaweka ninyi," alisema. "Dhamana ianze leo, kwa maandishi. Matairi ya nyuma mtubadilishie. Na bei ishuke kwa sababu ya kadi."

"Hayo yote pamoja?" Meneja akauliza.

Hakuna aliyejibu. Wazee walitazama lori. Kabula alitazama kucha zake. Mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilifunga mdomo wangu kwa hiari, nikamkumbuka meneja wangu wa Geita. Feni ilizunguka. Meneja alikohoa, akapanga kalamu zake, akakohoa tena.

"Ngoja niongee na makao makuu," akasema.

Aliporudi, matairi yalibaki yaleyale na mengine yote yalikubaliwa. Bei haikuwa ya bure wala ya wizi, na kampuni haikupata hasara. Meneja hakunipongeza, na dawati langu lilihamishiwa karibu na mlango wa stoo, penye joto. Lakini tangu mwezi ule walianza kuja wazee wenye fimbo kutoka Sengerema, wakimpita yeye na kuuliza, "Yuko wapi Mama Kasoro?" Jina likaganda. Hata yeye mwishowe aliniita hivyo, kwa utani, na mimi nikaitikia.

Nilistaafu kwa keki, soda na saa ya ukutani. Watu husema kustaafu ni kupumzika. Kwa kweli ni kunyamaziwa. Simu zinapungua, vijana ofisini wanabadilika, na siku moja unapita pale getini mlinzi anakuuliza unamtafuta nani. Iliniuma. Nikaongeza kuku.

Mwezi uliopita nilisikia lori likisimama nje ya nyumba yangu. Akashuka Kabula, sasa mama mtu mzima, na kijana mmoja nisiyemjua.

"Shikamoo mama. Baba anakusalimu. Miguu imemgomea, angekuja mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Tunaliuza lori. Nimepata kubwa zaidi, na kwa hela ya hili baba anarudisha ng'ombe wa ukoo, wote. Huyu ndiye mnunuzi. Lakini baba amekataa kutaja bei. Amesema, mpaka yule mama ataje kasoro zake."

"Jamani, si mmekaa nalo ninyi? Mimi nitajuaje?"

"Amesema sisi tunalipenda, tutasahau mojawapo."

Nilitoka nje. Lilikuwa lori lilelile jeupe, limechubuka, na mlangoni JARIBU UONE ilikuwa bado inasomeka chini ya vumbi. Hawakuwahi kuibandua. Machozi yalinitoka mbele ya yule kijana na sikuona haya. Nilizunguka lori zima, nikachungulia chini, nikapanda, nikawasha, nikakanyaga klachi na kuisikiliza inavyorudi. Nilimuuliza Kabula maswali mpaka akacheka.

"Haya mama, tuambie," kijana akasema, akitazama saa yake.

"Subiri kwanza," nikamwambia. Niliingia ndani, nikatoka na ndoo na kitambaa, na nikaanza kufuta mlango.